Nilichomwambia Sista Kuhusu Fundi wa Breki

Ni mimi. Aliyemwambia Sista kwamba yule fundi wa Mlabani si mtu wa kuaminiwa ni mimi, si mwalimu wa hesabu, si dereva wa lori la shule, wala si "watu". Fundi mwenyewe aliniuliza uso kwa uso nikamjibu kwamba sijui lolote. Baadaye waliniuliza wengine, kwenye misiba, kwenye harusi, mara moja hata kwenye foleni ya Jumatano ya Majivu, nami nikakana kwa utulivu wa mtu aliyesoma. Mengi niliyofundishwa chuo kikuu nimeyasahau, lakini kukana kwa sentensi ndefu kumebaki.

Mambo yalianza na zawadi. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na cheo katika ofisi moja ya serikali Morogoro, alipata gari jingine akaamua la zamani anipe mimi. Lilikuwa gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa yaliyoungua, lenye umri wa kutosha kupiga kura. Alilileta Ifakara mwenyewe. Alifika baada ya basi lililotoka Morogoro nyuma yake, na wakati ule nililiona jambo hilo kuwa busara ya umri. Alikaa siku mbili, akala kuku wawili, akapokea shukrani za ukoo mzima. Nilipomuuliza kama kuna lolote la kujua kuhusu gari, alisema nilitunze kama ng'ombe wa maziwa, nisilipakie magunia ya mpunga, nalo litanizika.

Nilikuwa nafundisha shule ya sekondari ya wasichana, shule ya masista, nje kidogo ya mji. Hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa na gari, kwa hiyo kati ya Ijumaa na Jumatatu nikawa mtaalamu wa magari. Hata Sista mkuu wa shule, mwanamke aliyekuwa hamwombi mtu ushauri kuhusu kitu chochote, alianza kuniuliza kwa nini lori la shule linatoa moshi mweusi. Nilimjibu kwamba inategemea.

Bonde la Kilombero ni tambarare kama sinia. Gari likiwa na siri, hakuna kilima cha kuitoa. Tena Ifakara ya miaka ile ya tisini ilikuwa mji wa baiskeli, na nyingi hazikuwa na breki: mtu akitaka kusimama aliteremsha mguu, akabana kandambili kwenye tairi, akasimama pale Mungu alipopenda. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliendesha toka shuleni hadi sokoni, toka sokoni hadi kanisani, kwa mwendo wa mtu anayeamkia kila anayemwona, na kwa miezi minne kila nilipokanyaga breki gari lilisimama hatimaye. Neno "hatimaye" ndilo nilipaswa kulichunguza.

Siku moja nilimchukua Shangazi kwenda kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wake, mbele ya Mkula kidogo, kule ambako barabara ya Kidatu inapita chini ya milima na kupanda na kushuka. Tulikuwa tunashuka mteremko mmoja wa vumbi, kundi la ng'ombe likaanza kuvuka. Nikakanyaga. Pua ya gari ikainama mpaka nikaona boneti linataka kulamba barabara, makalio yakanyanyuka, na gari zima likaendelea na safari yake kana kwamba sijasema kitu. Lilisimama bampa likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe wa mwisho, polepole, kama mtu anayeomba kupita kwenye benchi la kanisa. Ng'ombe akanitazama. Mchungaji wake, kijana wa Kisukuma mwenye fimbo mabegani, naye akanitazama. Shangazi, aliyekuwa amekaa nyuma na kuku wa zawadi, sasa alikuwa na kifua juu ya kiti cha mbele, na kuku alikuwa mapajani mwangu.

"Gari lako linapiga magoti," Shangazi alisema, "ila halitubu."

Sisi wenye asili ya upande wa Mahenge, watu wa jembe na rozari, tulikuwa na maneno juu ya Wasukuma waliokuwa wakizidi kuingia bondeni na ng'ombe zao. Jogoo akipotea, Msukuma. Mvua ikichelewa, ng'ombe wa Msukuma wameifukuza kwa vumbi. Darasani niliyakemea maneno hayo, na wasichana waliandika kwenye madaftari yao kwamba mwalimu anapinga ubaguzi. Nyumbani niliyatunza vizuri, kwenye kabati moja na vyeti vyangu.

Na fundi niliyempelekea gari alikuwa Msukuma. Alikuja bondeni bila ng'ombe hata mmoja, na hilo nalo lilitiliwa shaka: Msukuma asiye na ng'ombe, amekimbia nini huko kwao? Alikuwa mtu mrefu, amenizidi miaka kama kumi, mpole wa sauti. Wanawake wote aliwaita "mayu", yaani mama kwa lugha yao, hata wasichana wa kidato cha kwanza. Gereji yake ilikuwa kiwanja cha wazi kando ya barabara, Mlabani, chenye bati nne juu ya nguzo, na chini ya bati hizo lilikaa sanduku la vyuma. Yeye mwenyewe alifanya kazi juani. Masika yakifika kiwanja kilijaa maji, naye alikaa miezi mitatu bila kazi, akingoja ardhi ikauke.

Habari zilikuwa zimemfikia kwamba shule inatafuta fundi wa kudumu, wa lori na mashine ya kukoboa. Aliniambia siku ile ya kwanza, akiwa bado amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Shule ilikuwa na banda la sakafu ya saruji na chumba nyuma yake.

"Nikilipata lile banda, mayu, masika yatanikuta mahali pakavu. Mke wangu na watoto nitawatoa kule nyumbani waje."

Nikamwambia Sista ndiye anayeamua. Nilijua kwamba Sista angeniuliza mimi kwanza, na nadhani naye alijua, maana miguu ilitulia kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Gari lilikaa kwake siku mbili. Nilimharakisha, kulikuwa na mitihani. Alifungua magurudumu ya nyuma, akavua dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, akafuta vumbi jekundu lililokuwa limejaa humo, akazikaza breki shuu. Hizo ni vipande viwili vya chuma vyenye umbo la mwezi mchanga, vilivyovishwa ngozi ngumu, ambavyo hutanuka ndani ya dramu na kuibana. Alisema hazijaisha, zilikuwa zimelegea tu. Nikalichukua gari, nikalijaribu kwenye mteremko wa kivukoni, ambao ndio mteremko pekee wa mji wetu. Breki ya mkono ililishika kama msumari. Breki ya mguu ililipigisha magoti vilevile.

Mtu mwingine angerudi kwa fundi. Mimi nilikwenda maktaba. Humo mlikuwa na kitabu cha magari, zawadi ya mfadhili, ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukiazima. Nilisoma siku mbili. Nilijifunza kwamba breki za mbele ndizo hubeba mzigo mkubwa, na za nyuma hushikilia mkia usitangulie. Nilijifunza kwamba gari likiinamisha pua kupita kiasi na njia ya kusimama ikawa ndefu, nyuma hakuna kazi inayofanyika. Nilipomaliza nilikuwa na elimu ya kutosha kumshuku mtu kwa usahihi.

Hoja yangu ilikuwa hii. Kaka alisema gari ni zima. Gari lilikaa kwa fundi siku mbili. Siku hizohizo pale uwanjani kulikuwa na teksi iliyovuliwa magurudumu ya nyuma, na nilipokwenda kuchukua gari langu ile teksi ilikuwa imeondoka, inapiga honi sokoni kwa afya njema. Gari langu likaugua, teksi ikapona. Hata mtoto angeona. Breki shuu zangu zilikuwa kwenye ile teksi, na za teksi zilikuwa kwangu. Kwamba nilianza kugonga ng'ombe kabla sijamjua fundi ni jambo nililoliweka kando kwa sababu lilivuruga hoja.

Nikarudisha gari. Nilifika asubuhi na kichupa cha rangi ya kucha kwenye pochi, nyekundu, ya Krismasi. Fundi alipovua dramu na kwenda kibandani ng'ambo ya barabara kunywa uji, niliinama nikatia nukta moja ubavuni mwa kila breki shuu, nne jumla. Aliporudi nilisema sina haraka safari hii, afanye kazi kesho, nitakuja nikae mwenyewe. Usiku mzima breki zangu zikabaki mikononi mwake, zikiwa na alama. Nilijiona mpelelezi.

Kesho yake nilikwenda na kiti cha kukunja na insha za kidato cha tatu. Kwa kawaida nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa amenizidi umri. Siku hiyo nilisema "habari za asubuhi." Alijibu nzuri, akachuchumaa kando ya gurudumu. Nukta zilikuwepo zote nne. Aliziangalia kwa muda mrefu.

"Hili gari limekwenda harusini?" aliuliza.

Nilisahihisha insha. Mtu mwaminifu angefurahi kwamba hakuibiwa. Mimi niliudhika kwamba ameziona nukta, na nikajiuliza mtu asiye na hila anatazama nini kwenye ubavu wa breki shuu.

Kisha akaniomba niingie kwenye gari. Alikuwa amelinyanyua nyuma kwa jeki na kuliwekea magogo, dramu zimerudishwa. Alisukuma gurudumu kwa mkono likazunguka, akaniambia nivute breki ya mkono. Gurudumu likasimama papo hapo. Akaniambia niiachie, akalizungusha tena, akaniambia nikanyage breki ya mguu. Nilikanyaga. Nilisikia gurudumu linaendelea kuzunguka nyuma yangu, shwa, shwa, shwa, bila wasiwasi. Alirudia upande wa pili. Ikawa vilevile.

Alinieleza taratibu, kama nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi wazito. Breki ya mkono huvuta breki shuu zilezile kwa waya. Ikiwa waya unasimamisha gurudumu, basi shuu ni nzima, dramu ni nzima. Breki ya mguu haitumii waya, inasukuma mafuta kwenye paipu. "Kwa hiyo mafuta hayafiki," alisema. Akafungua nipo, ile skrubu ndogo yenye tundu nyuma ya gurudumu inayotumika kutoa upepo kwenye mafuta, nikakanyaga mara kumi, halikutoka tone. Chupa ya mafuta kule mbele ilikuwa imejaa pomoni.

Akaongeza jambo ambalo sikulipenda: kwamba angeifungua ile nipo siku ya kwanza, angejua siku ya kwanza, lakini nilimharakisha naye akakubali kuharakishwa. Kosa lilikuwa lake, alisema, fundi hafuati saa ya mwenye gari. Nililiandika moyoni hilo neno "kosa" na kuyaacha yaliyolizunguka.

Aliifuata paipu toka nyuma kwenda mbele, kidole kwa kidole, na haikupita nusu saa. Kwenye kiungo kimoja chini ya kiti cha nyuma akafungua nati, akagonga, kitu kikaangukia kiganjani mwake. Alikuja akanionyesha. Ilikuwa gololi ya chuma, ya beringi, ndogo kama punje ya mtama, iliyotiwa humo makusudi na kukazwa na nati.

Huku kwetu kuna waganga wanaoitwa nyumba yenye matatizo, wakazunguka mara mbili, wakachimba kizingitini na kutoa pembe iliyofungwa vitambaa. Familia inalia, mganga anakula mbuzi. Marehemu baba, aliyekuwa katekista, alituambia tangu wadogo kwamba anayeiona pembe upesi hivyo ndiye aliyeizika. Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja na insha mapajani, nikamtazama fundi na gololi yake, nikamsikia baba. Nusu saa! Paipu ndefu vile, giza chini ya gari, naye anakwenda moja kwa moja.

"Aliyeziba alikuwa na sababu," fundi alisema. Akanionyesha. Aliifunga paipu bila gololi, nikakanyaga, na mafuta yakafika nyuma kweli, yakachuruzika ndani ya gurudumu la kushoto mpaka chini. Silinda ya humo, ile inayosukuma breki shuu, ilikuwa imechoka kabisa. Mtu aliona inavuja, akakosa silinda mpya, akaikata nyuma yote ili gari lisimamie mbele peke yake. Mafundi hufanya hivyo ili gari lifike nyumbani. Halafu nyumbani wanasahau. Akaniuliza gari nililitoa wapi.

Nikamwambia nimepewa na kaka yangu, naye ni mtu msafi.

Fundi hakujibu. Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Nilikihesabu kimya hicho kuwa ushahidi. Kisha akasema silinda ya aina ile Ifakara haipo, iagizwe Morogoro, na gari likae pale mpaka ifike. Nikamwambia airudishe gololi ili nipate kwenda. Akakataa. Akasema akiirudisha huku anajua, siku nitakapomgonga mtoto wa mtu atakuwa ameendesha yeye. Nilirudi shuleni kwa miguu, vumbi hadi magotini, nikijiambia kwamba sasa ameniteka gari.

Jioni hiyohiyo Sista aliniita. Alikuwa na majina mawili ya mafundi, huyu wa Mlabani na mwingine wa Kidatu, na alitaka kuandika barua wiki hiyo. Wewe unamfahamu wa Mlabani, alisema, ni mtu wa namna gani?

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nakumbuka nilitazama kalenda ya jimbo ukutani. Ningeweza kusema kwamba anajua kazi, kwa sababu nilikuwa nimeiona kazi yake asubuhi ileile. Badala yake nilisema, "Sista, mimi nisingempa hata baiskeli." Nikaeleza gololi. Nilieleza vizuri sana, na pembe ya mganga niliitia, na Sista, ambaye hacheki, alicheka. Hapo ndipo banda la sakafu ya saruji lilipoondoka. Liliondoka kwa sababu nilisimulia vizuri.

Siku ya tatu fundi alikuja shuleni. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akanikuta nje ya chumba cha walimu. Alikuwa ametoka kwa Sista. Aliambiwa wamempata mwingine. Hakuuliza kwa hasira.

"Mayu, kuna mtu amesema neno juu yangu?"

Nilimwambia kwamba uamuzi wa taasisi kama hii hupitia ngazi nyingi, kwamba mimi ni mwalimu wa kawaida tu, kwamba Sista ana vigezo vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Juu ya Udzungwa wingu la kwanza la masika lilikuwa limekaa, na wote wawili tukalitazama kwa kuwa lilikuwa rahisi kulitazama. Akasema paipu ya gari langu ameifunika kwa karai isiingie maji, akaaga.

Jumamosi niliomba kutumia simu ya ofisi. Shule ilikuwa na simu moja, nyeusi, mezani kwa Sista, na kumpata mtu wa Morogoro kulimpasa opereta afanye kazi na wewe ufanye subira. Sikupiga kuuliza kuhusu gololi. Haikunijia hata kidogo kumuuliza kaka kuhusu gololi. Nilitaka tu aninunulie silinda, nilitoe gari langu mikononi mwa yule mtu. Sista alikuwa upande wa pili wa meza akiandika barua ya fundi wa Kidatu. Laini ilikuwa mbovu, na kaka, kama watu wote wa enzi ile, aliamini kwamba umbali unashindwa kwa sauti. Nilikiweka chombo mbali kidogo na sikio.

Nilimwambia nahitaji silinda ya breki ya nyuma, kushoto.

"Ya nyuma?" kaka alipiga kelele. "Kwani gololi mmeitoa?"

Kalamu ya Sista ikasimama.

Nilimuuliza gololi gani, kwa sauti ndogo, nikitumaini atajibu kwa sauti ndogo. Hakunisikia. Nikarudia kwa sauti kubwa.

"Ile tuliyoziba! Silinda ilikuwa inavuja tangu mwaka juzi, nikamwambia fundi wa hapa azibe nyuma tu. Nikajua huko kwenu ni tambarare, hakuna shida. Nani kaitoa?"

Nikasema fundi mmoja. Kaka akasema basi huyo anajua kazi, maana yeye mwenyewe alipeleka gari kwa watu watatu wakashindwa kuona kwa nini halisimami, mpaka yeye alipoikumbuka gololi akawaambia. Akauliza mama hajambo. Akauliza mbona simjibu.

Sista alichukua barua aliyokuwa anaandika, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya Biblia. Akavuta karatasi nyingine safi, akaandika tarehe. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia.

"Jina lake kamili nani," aliuliza, "yule wa Mlabani?"

Nilikuwa nimemjua mtu huyo wiki tatu. Nilikuwa nimekaa siku nzima nikimtazama mikono. Nilikuwa nimemweleza kwa Sista kwa ustadi mpaka akacheka. Nikafungua mdomo, nikaona kwamba silijui jina lake, hata moja.

"Haloo?" kaka alikuwa anaita. "Haloo? Bado upo?"